Asili ya ‘kurogwa’ na tofauti yake na ‘kusihirika’

KIJANA akizama katika mapenzi hadi haambiliki, watu husema, “Huyu karogwa!” Neno hili ni la kale, la Kibantu hasa. Mkikuyu ana ‘murogi’, Mganda ‘omulogo’, Mnyarwanda ‘umurozi’, nao wasemaji wa Kikongo ‘ndoki’. Kwetu ‘loga’ (au ‘roga’) huzaa ‘mlozi’, g ikageuka z kama ‘jenga’ inavyozaa ‘mjenzi’.

‘Sihiri’ ni mgeni aliyetoka Uarabuni. Kwa Waarabu ‘sihr’ ni uchawi, lakini pia ni ufasaha unaoteka moyo, na maana zote mbili zikatua pwani. Ndiyo maana utasema sauti ya mwimbaji ‘imekusihiri’ wala hakuna atakayeshtuka.

‘Kurogwa’ hakuna upole huo. Hata kwa mzaha, neno lenyewe huacha swali: nani kamroga? Swali hilo si dogo. Sheria ya Uchawi ya 1925 inakataza kumshutumu mtu ovyo kwamba ni mchawi, lakini kule Kilifi wazee wameuawa, wengine kwa sababu ya mvi tu, kabla hata ya kuulizwa lolote.