Faharasa ya Juzuu Zote

Mama aliyenipigia simu asubuhi ya tarehe 2 Januari hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwanangu," alisema, "nimetoa elfu arobaini mara moja, mbona daftari lenu linasema mara mbili?" Wakati huo nilikuwa natunza hifadhidata ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Nikamwamkia, nikamwomba anisomee namba ya risiti, nikaitafuta. Ilikuwepo mara mbili, namba ileile. Na sisi tulikuwa tumeiamuru mashine kwamba namba ya risiti isijirudie kamwe.

Kueleza ilivyowezekana naomba nianzie mbali, Paris. Wasomaji wa hapa ni watu wa vitabu, na tatizo lenyewe lilikuwa la vitabu kabla halijawa la kompyuta.

Encyclopédie ya Diderot na d'Alembert ilianza kutoka mwaka 1751. Juzuu za maandishi zilifika 17, za mwisho zikatoka 1765. Imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo utadhani haihitaji faharasa. Lakini jambo moja linaweza kuguswa katika makala kumi zilizotawanyika juzuu mbalimbali, na alfabeti haikusaidii kuzijua. Mchungaji mmoja wa Geneva, Pierre Mouchon, ndiye aliyekaa chini akazipitia zote na kuandaa faharasa yake. Ilitoka 1780, nayo peke yake ni juzuu mbili. Miaka 15 baadaye, jamani! Tena Mouchon alikuwa na bahati: kitabu alichokuwa akikifanyia kazi kilikuwa kimeshatulia. Hakuna aliyekuwa akichomeka kurasa mpya usiku yeye akiwa amelala.

Hifadhidata hailali. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe katika majedwali ya mistari na safu, na mtumiaji asilazimike kujua imehifadhiwa wapi ndani ya mashine. Miaka miwili baadaye Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa Boeing, wakachapisha makala kuhusu mti walioupa jina la B-tree. Herufi B inasimamia nini, hawakusema. Ni faharasa inayojipanga upya yenyewe kila mstari unapoongezwa, na hadi leo hifadhidata nyingi zinauegemea mti huo.

Shida inakuja jedwali likinenepa mno. Kufuta miamala ya miaka mitano iliyopita, mstari mmoja mmoja, kunaweza kukesha. Basi watu wakafanya kama wachapaji: wakaligawa jedwali katika vipande, tuseme kimoja kwa kila mwezi. Mwezi wa zamani ukishachosha, unaondoa kipande kizima, mara moja, kama kutoa juzuu rafuni.

Sasa faharasa iwe wapi? Oracle 8, ya mwaka 1997, ilikupa uchague: faharasa ndogo ndani ya kila kipande, au moja inayopita vipande vyote. Hiyo ya pili inavutia, ila ukiondoa kipande kimoja, faharasa nzima inabaki ikielekeza kwenye kurasa ambazo hazipo, na katika matoleo yale ya mwanzo ilibidi uijenge upya.

PostgreSQL, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukitumia, ilipitia njia ya taabu zaidi. Kwa miaka mingi vipande vilikuwa majedwali ya kawaida yaliyorithi kutoka kwa jedwali mzazi, na kila kimoja ulikiundia faharasa yake kwa mkono. Ukisahau Agosti, basi Agosti haina. Toleo la 10, Oktoba 2017, lilileta ugawaji rasmi, lakini kazi ya mkono ikabaki. Ni toleo la 11, mwaka mmoja baadaye, lililokuwezesha kuamuru faharasa kwa mzazi na watoto wote wakaipata. Lilikuja na sharti moja: ukitaka faharasa inayokataza marudio, lazima safu iliyotumika kugawa jedwali iwe ndani yake. Wengi walinung'unika. Mimi naliona sharti hilo kuwa la kiungwana, maana mashine inakiri waziwazi kwamba kila kipande kinajijua chenyewe tu.

Kwetu hapakuwa na wa kukiri. Mfumo wetu ulikuwa wa zamani, wa kurithi. Mama yule alitoa fedha usiku wa Desemba 31, dakika chache kabla ya saa sita. Mtandao ukakwama, simu ikatuma ombi tena saa sita ilipopita. Ombi la kwanza likaangukia Desemba, la pili Januari. Faharasa ya Desemba iliulizwa, ikasema namba hii siijui. Ya Januari nayo ikasema siijui. Zote zilisema kweli.

Tulimrudishia fedha zake siku hiyohiyo, kisha nikatafuta wengine. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja kwenye mpaka wa miezi miwili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepiga simu.

Mwishowe tukaunda jedwali jembamba la pembeni, lenye namba za risiti peke yake, na muamala hauingii popote kabla namba yake haijakubaliwa pale. Linakua kila siku. Kila bajeti ikifika kuna kijana anayeuliza kwa nini nalo tusiligawe, nami namsimulia habari za simu ile ya Januari.