Hapana za aina mbili: kisa cha rubani Benjamin Davis

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu usiku, sauti iko chini kama ya mtu aliyefiwa. Alikuwa ameomba mafunzo ya uofisa jeshini. Akaitwa kwenye usaili, akakimbizwa, akapimwa, akaandika mtihani. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. "Kaka, bila kuwa na mtu juu hupati kitu," akaniambia. Nikamjibu, "Pole sana, bwana mdogo," halafu nikakosa la kuongeza. Maneno yale nayafahamu, niliwahi kuyasema mwenyewe hivyohivyo. Nitarudi huko baadaye.

Kwanza ngoja nikupe kisa cha mtu ambaye alikataliwa mara mbili, kila mara kwa sababu tofauti kabisa, na kila mara akajibu kwa namna tofauti. Kama unajua habari za marubani weusi wa Tuskegee kwa sababu ya filamu tu, kaa chini. Sehemu tamu inaanza kabla hawajagusa ndege.

Benjamin O. Davis alizaliwa Washington tarehe 18 Desemba 1912. Baba yake, ambaye walikuwa na jina moja, alikuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1940 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa Marekani. Najua unachofikiria: basi alikuwa na mtu juu! Subiri. Huyo mzee Davis, pamoja na vyeo vyake, kwa miaka mingi alihamishwa huku na kule kufundisha mambo ya kijeshi kwenye vyuo vya weusi, ili tu asije akawaamuru wazungu. Kwa hiyo kijana alikua akiona kwamba unaweza kuwa na nyota begani na bado ukawekwa pembeni.

Kiangazi cha 1926, akiwa na miaka 13, alipandishwa ndege katika uwanja wa Bolling Field, Washington, na mmoja wa wale marubani waliokuwa wakizunguka kufanya maonyesho. Aliposhuka alikuwa ameshaamua atakuwa nani.

Njia aliyoiona ni chuo cha kijeshi cha West Point. Kuingia pale, kwa kawaida mbunge ndiye anayekupendekeza. Wakati ule katika bunge zima la Marekani kulikuwa na mbunge mmoja tu mweusi, Oscar De Priest wa Chicago, na huyo akampendekeza kijana Davis. Jina likapelekwa, akaitwa kwenye mtihani wa kuingia mwaka 1931.

Akafeli.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana wengi wanaosimulia habari zake huruka sehemu hii. Alikuwa na baba ofisa, alikuwa na mbunge nyuma yake, na bado alianguka. Na sababu si rangi yake. Hakuwa amejiandaa vya kutosha, basi. Angeweza kurudi nyumbani akasema wazungu wamemwangusha, na nani angebisha, ukizingatia mambo ya nchi ile wakati ule? Badala yake alirudi kwenye vitabu. Machi 1932 akaufanya tena mtihani, akapita. Tarehe 1 Julai 1932 akaingia West Point.

Hiyo ndiyo hapana ya kwanza, ile inayosema: hujafikia. Dawa yake ni chungu lakini inajulikana.

Maisha ya West Point nayo yalikuwa kisa kingine. Muda mfupi baada ya kufika, kadeti wenzake walikaa kikao na kukubaliana kwamba hakuna atakayezungumza naye isipokuwa kwa jambo la kikazi. Walitarajia achoke aondoke. Alilala peke yake chumbani, akala bila mtu wa kumsemesha, na hali hiyo ikaendelea miaka minne. Hebu fikiria bweni ulilokaa ukiwa chuo, halafu uondoe kila salamu, kila utani, kila "vipi mshikaji, umeielewa ile topiki?" Wewe ungemaliza muhula wa kwanza? Davis alimaliza Juni 1936 akiwa wa 35 kati ya wahitimu 276. Mweusi aliyemtangulia kuhitimu pale alikuwa Charles Young, mwaka 1889.

Lakini kabla hajahitimu, mwaka 1935, alipeleka maombi ya kwenda kwenye jeshi la anga, ambalo wakati huo lilikuwa tawi tu la jeshi la nchi kavu. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa. Afya nzuri, alama nzuri, ametoka chuo kinachoheshimiwa kuliko vyote. Jibu likaja: hapana. Sababu waliyompa ni kwamba jeshi la anga halina kikosi cha weusi na halina mpango wa kuwa nacho.

Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na mzizi. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilikuwa kimetoa ripoti kuhusu matumizi ya askari weusi, iliyodai kwamba mtu mweusi ana upungufu wa akili na ujasiri wa kupigana. Ripoti yenye mhuri, imeandikwa na wasomi! Waliokataa maombi ya Davis hawakuwa na haja ya kusoma alama zake. Jibu lilikuwa limeshaandikwa miaka kumi nyuma.

Na hakuwa wa kwanza kulipata. Eugene Bullard, mzaliwa wa Georgia, alikwenda Ulaya akiwa kijana, akapigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa Verdun mwaka 1916, kisha akasomea urubani na kurusha ndege za kivita za Ufaransa mwaka 1917. Marekani ilipoingia vitani ikawa inawachukua marubani wake waliokuwa wakiwatumikia Wafaransa. Bullard naye akaomba. Hawakumchukua. Uzee wake aliumalizia New York akiendesha lifti katika majengo ya Rockefeller Center, akafariki mwaka 1961. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani likampa cheo cha luteni usu. Miaka 33 baada ya kuzikwa!

Hiyo ndiyo hapana ya pili. Hii haisemi hujafikia, inasema watu kama wewe hatuchukui. Kwa hapana ya namna hii, kurudi kwenye vitabu hakusaidii kitu. Utasoma nini? Davis alikuwa amekwishasoma vyote.

Sasa alifanya nini? Mwanzoni, hakuna la ajabu. Alipelekwa Fort Benning, Georgia, kwenye kikosi cha askari weusi, ambako yeye, ofisa kamili, hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa bwalo la maofisa. Baadaye akapangiwa Tuskegee, Alabama, kufundisha wanafunzi mambo ya kijeshi, kazi ileile waliyompa baba yake. Angekuwa mtu wa kuona ishara, angesema amekwisha. Yeye alifanya kazi aliyopewa na hakuacha jeshi.

Tukiishia hapo tutatoa funzo la uongo, kwamba ukivumilia mlango utafunguka wenyewe. Haukufunguka wenyewe. Kulikuwa na watu nje wanaousukuma, na wengi wao Davis hakuwa hata anawajua.

Magazeti ya weusi, hasa Chicago Defender na Pittsburgh Courier, yalilipigia kelele suala hili miaka nenda rudi (sisi wa magazetini turuhusiwe kujivuna kidogo hapa). Mei 1939 marubani wawili weusi wa Chicago, Chauncey Spencer na Dale White, walikodi ndege kuukuu wakaruka hadi Washington kwenda kuwashawishi wabunge. Njiani injini iliharibika wakalazimika kutua Ohio. Walipofika, mmoja wa waliowasikiliza alikuwa seneta wa Missouri aitwaye Harry Truman. Shika jina hilo. Mwaka huohuo serikali ilianza kufundisha urubani kwa raia vyuoni, na vyuo vya weusi, Tuskegee kikiwemo, vikapata nafasi. Kisha Januari 1941 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Yancey Williams, aliyekuwa na leseni ya urubani, aliishtaki Wizara ya Vita kwa kumkatalia maombi yake. Mwezi huohuo wizara ikatangaza kwamba itaunda kikosi cha marubani weusi.

Kikosi kikahitaji ofisa wa kukiongoza. Walipotazama orodha, ofisa mweusi kijana, mhitimu wa West Point, aliyekuwa ameomba urubani miaka sita nyuma, alikuwa mmoja tu. Kundi la kwanza lilianza mafunzo Tuskegee mwaka 1941 na watu 13. Tarehe 7 Machi 1942 walihitimu 5, Davis akiwemo.

Hata hapo hawakuachwa wapumue. Kikosi chao cha 99 kilipelekwa Afrika Kaskazini mwaka 1943, na kufikia Septemba mkubwa wao mmoja, mzungu, alikuwa ameshaandika ripoti kwamba hawana moyo wa kupigana, waondolewe mstari wa mbele. Davis alisimama mbele ya kamati Washington akajibu hoja moja baada ya nyingine kwa takwimu. Jeshi likafanya uchunguzi wake, likakuta kikosi cha 99 kinafanya kazi sawa na vikosi vingine. Na tarehe 27 na 28 Januari 1944, kwenye anga la Anzio, Italia, vijana hao wakaangusha ndege zaidi ya kumi za Wajerumani kwa siku mbili.

Baadaye Davis aliongoza kundi la 332, wale wenye mikia myekundu, waliosindikiza ndege za mabomu kuingia Ujerumani. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba hawakupoteza hata ndege moja waliyoisindikiza. Kumbukumbu za jeshi zilipochambuliwa miaka ya 2000 ilionekana walipoteza 27, wakati wastani wa makundi mengine ulikuwa 46. Mimi naipenda zaidi hesabu hii ya kweli. Malaika hawahitaji kufeli mtihani mwaka 1931.

Na yule Truman? Akawa rais, na tarehe 26 Julai 1948 akatia saini amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi ya Marekani. Davis alikuwa jenerali wa kwanza mweusi wa Jeshi la Anga mwaka 1954, akastaafu mwaka 1970, akaongezewa nyota ya nne mwaka 1998, akafariki tarehe 4 Julai 2002.

Usidhani hayo ni ya Wamarekani peke yao. Babu zetu waliokuwa KAR walipigana hadi Burma katika vita hiyohiyo, chini ya maofisa wazungu. Kwao hata fomu ya kuomba uofisa haikuwepo ya kujaza. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 maofisa walikuwa bado karibu wote Waingereza, na askari wa Colito, Dar es Salaam, walipoasi tarehe 20 Januari 1964, pamoja na mishahara walikuwa wanadai hilo: maofisa wa Kiingereza waondoke. Ni baada ya hapo ndipo jeshi jipya, JWTZ, likaundwa Septemba 1964 chini ya Mrisho Sarakikya, mmoja wa Watanganyika wachache waliokuwa wamesomea Sandhurst.

Sasa nirudi kwangu kama nilivyoahidi. Nilipomaliza chuo niliomba mafunzo ya urubani, mahali ambapo sitapataja kwa sababu hawana kosa. Nilikosa. Kijiweni niliwaambia wote kwamba ni mambo ya kujuana, wakanipa pole, wakaninunulia soda. Nisichowaambia ni kwamba kwenye karatasi ya hesabu niliacha maswali mengi bila jibu. Niliingia na hesabu za kidato cha nne nilizokuwa nimezisahau, nikidhani digrii itanibeba. Ile ilikuwa hapana ya kwanza, mimi nikaivalisha nguo za hapana ya pili. Na kwa sababu niliivalisha hivyo, sikurudi kujaribu tena.

Simaanishi kwamba kujuana hakupo. Kupo, na mwandishi wa habari anayekataa hilo atafute kazi nyingine. Ndiyo maana inabidi kuzitofautisha hizi hapana mbili kwa uangalifu. Ukiichukua ya pili kama ya kwanza, utajilaumu maisha yako yote kwa kosa la wengine. Ukiichukua ya kwanza kama ya pili, utapata pole nyingi na soda, na mwakani hutakuwepo kwenye foleni.

Jana nilimpigia binamu. Nikamwambia kisa cha Davis, nikamwambia na changu, ambacho hakuwa anakijua. Alicheka sana, kisha akanyamaza. Nikamuuliza, "Mtihani uliuonaje?" Akachelewa kujibu. "Kaka, ile ya fizikia…" akasema, akaiacha sentensi hapohapo.

Jumamosi anakuja kwangu. Nimemwambia abebe madaftari.