Picha Kubwa kwenye Linux: Kwa Nini Kivinjari Huganda

Mto Athi, unapopita kati ya Makueni na Kitui, hukutana na mto Thwake, na hapo ndipo penye bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza 2018. Maji hayo hayo yakishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka yanamwagikia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, tunavyovitegemea Malindi, Kilifi na Mombasa, viko ukingoni mwa mto huo. Si ajabu basi mtu wa pwani kutaka kujionea huko juu kunafanyika nini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure kwa kila mtu. Kazi ni kuzifungua.

Mimi nilijaribu kwa kompyuta kuukuu yenye Ubuntu na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kiliganda kivinjari, kikafuata kishale cha mausi, kisha kila kitu. Nikaenda kuswali Alasiri, nikarudi, taa ya diski ingali yamemeteka. Wengi hapo huilaumu intaneti. Intaneti haikuwa na kosa, faili lilikuwa limeshashuka zamani.

Picha moja kamili ya Sentinel-2 ina pikseli 10,980 kwa 10,980, nayo hufunika kama kilomita 110 kila upande. Firefox na Chrome hazifungui muundo wake wa asili, kwa hivyo watu huigeuza JPEG, na faili likaonekana dogo. Lakini JPEG ni mzigo uliokazwa kwa kamba. Ili kuionyesha, kivinjari lazima kiufungue wote, na kila pikseli huchukua baiti 4. Ukizidisha utapata megabaiti 482 hivi, kwa picha moja tu. Hata picha ya kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 hula megabaiti 96. Zikiwekwa kumi ukurasa mmoja, karibu gigabaiti nzima imekwenda.

Kumbukumbu ikijaa, Linux huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ni pole mno. Ndiyo sababu hugandi na kivinjari peke yake. Firefox nayo ina tabia ya kuitupa picha iliyokwisha kufunguliwa ukihamia ukurasa mwingine, na ukirudi huifungua upya. Ule mkwamo wa pili watoka hapo.

Kuna na jambo la kadi ya grafiki. Kadi ikitumika, kushusha na kupandisha ukurasa huwa kwepesi. Isipotumika, prosesa ndiyo huchora kila kitu. Firefox ilikawia kuwapa watu wa Linux uchoraji mpya wa kadi kuliko wa Windows, na kadi za zamani zingine bado hukataliwa. Andika about:support pale pa anwani, utafute mstari wa Compositing. Ukiona neno Software, prosesa yako ndiyo punda. Kwenye Chrome ni chrome://gpu. Mara nyingi kusasisha mfumo na dereva za kadi husaidia, ingawa kwa kompyuta ya miaka kumi na tano sitakudanganya.

Dawa ninayoiamini ni kutoifungua picha kubwa ndani ya kivinjari hata kidogo. Ihifadhi, kisha ukiwa na ImageMagick andika:

convert kubwa.jpg -resize 1600x ndogo.jpg

Wenye tovuti nao wafanye hivyo kabla ya kupandisha picha, kwani kuipunguza kwa vipimo vya ukurasa tu hakupunguzi kitu. Msomaji bado atafungua pikseli zote.

Kwa Thwake yenyewe tumia QGIS, ambayo ni ya bure na yafanya kazi vizuri kwenye Linux. Kata kipande cha pikseli 1,500 kwa 1,500 penye bwawa. Hicho ni kilomita 15 kila upande, na kikifunguliwa ni megabaiti 9 tu. Kata kingine kama hicho mdomoni mwa Sabaki, uviweke ubavu kwa ubavu.