Mtoto wa Rumonge, 1881



Wengi wetu tuliotoka mwambao wa Imbo tunaijua Rumonge kwa mawese, kwa ndagala na kwa mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Wachache wanajua kwamba mji huo ndio mahali ambapo Ukristo ulijaribu kuingia Burundi kwa mara ya kwanza, na kwamba ulitolewa hapo kwa damu baada ya miaka miwili tu kwa sababu ya mtoto mmoja. Kamati imeona vema habari hiyo iandikwe katika toleo hili la kumbukumbu, maana inahusu biashara ya watu, nayo biashara hiyo haijafa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa kushinikizwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Huku bara amri hiyo haikuwa na nguvu. Pembe za ndovu zilikuwa bado zinatakiwa Ulaya, India na Marekani. Zilitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zikavushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, na kutoka hapo zikabebwa kwa miguu mpaka Bagamoyo. Pamoja na pembe walikuja watu. Tusidanganyane kwamba ni Waarabu peke yao waliowakamata. Wafanyabiashara wa pwani walinunua, lakini waliouza mara nyingi walikuwa watware wa hapa hapa, majirani wenye visasi, na hata jamaa walioshindwa na njaa au deni. Wala tusifanye jambo hili kuwa la dini moja dhidi ya nyingine, maana Wakristo wa Ulaya walikuwa wamevusha mamilioni ya Waafrika katika Atlantiki kabla ya hapo, na mnunuzi wa pembe kule London hakuuliza zilibebwa na nani.

Ndani ya Burundi biashara hiyo haikupenya sana. Mwami Mwezi Gisabo alilinda nchi yake, na Mohammed bin Khalfan, yaani Rumaliza, tajiri wa Ujiji, alijaribu katika miaka ya 1880 kuiingia kwa bunduki asifaulu. Lakini milima ndiyo iliyolindwa vizuri. Mwambao ulikuwa mlango wazi: mtumbwi unafika usiku, unaondoka kabla ya mapambazuko.

Hapo ndipo walipokuja Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na mmoja wa viongozi wake, Padri Pascal, akafa njiani. Waliosalia walifika Ujiji Januari 1879, na mwaka huo huo wakafungua kituo Rumonge. Kazi yao kubwa ilikuwa kukomboa watoto: wanatoa vitambaa na bidhaa nyingine kwa mwenye mtoto, mtoto anakaa kituoni, analishwa, anafundishwa dini na kilimo.

Mwaka 1881 ulizuka ugomvi juu ya mtoto mmoja wa namna hiyo. Upande mmoja mapadri walishikilia kwamba aliyekombolewa ni wa kituo. Upande wa pili walikuwa Wabikari, majirani wa kituo, walioona kwamba mtoto huyo ni wao. Tarehe 4 Mei Wabikari wakawaua Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao mlei, Mbelgiji d'Hoop. Kituo kikafungwa. Karibu miaka ishirini ilipita kabla ya mapadri kupata makao ya kudumu Burundi, huko Muyaga, mwaka 1898.

Majina ya Wazungu hao watatu yanasomwa mpaka leo. Jina la mtoto hatujaliona katika habari hizo, ingawa yeye ndiye kiini cha jambo lote.

Sisi tunawaheshimu marehemu hao, kwa kuwa hawakufa kwa ajili ya pembe wala ardhi. Hata hivyo tuseme pia lisilosemwa sana kanisani: kukomboa kwa kununua kulikuwa na mwiba. Mwuzaji alipojua kwamba kituoni kuna mnunuzi wa uhakika, alikuwa na sababu ya kutafuta mtoto mwingine. Tena mtoto mwenyewe hakuulizwa. Alitoka mkononi mwa mtu mmoja akaingia mkononi mwa mwingine, aliye mwema zaidi, lakini bado aliitwa mali ya mahali fulani. Hata wanaofanya kazi ya kutusaidia leo wanaujua ugumu huo, pale msaada unapompa dalali faida.

Na dalali yupo. Leo haji na minyororo. Anakuja na ahadi ya kazi ya ndani Uarabuni, au ya kuvuna tumbaku kwa msimu mmoja, anajitolea kulipa nauli, kisha nauli inakuwa deni na vitambulisho vinabaki mfukoni mwake. Tanzania ina sheria dhidi ya jambo hilo tangu 2008, na Burundi tangu 2014. Sheria haimwoni msichana aliyeondoka alfajiri bila kuaga. Anayemwona kwanza ni jirani wa nyumba ya pili, mwenzake wa foleni ya mgao, mwalimu anayeita majina asubuhi. Hao ndio wa kumwambia mwenyekiti wa kijiji na sungusungu siku ile ile, si baada ya wiki.

Turudi ziwani. Mwaka 1888 Lavigerie, akiwa sasa Kardinali, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa, na mwaka 1890 mataifa yakatia sahihi mkataba wa Brussels. Baadhi ya mataifa hayo yaliutumia mkataba kama kisingizio cha kututawala, jambo ambalo babu zetu walililipia kwa kazi ya shuruti. Ng'ambo ya ziwa, Mpala na Mrumbi, Mfaransa Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliwapa wanavijiji silaha wajilinde wenyewe. Alioa huko huko, na huko huko akafa mwaka 1927.

Lakini anayetugusa zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mapadri wakamkomboa huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wetu wa ziwa, kusini ya Kigoma, na akabaki. Alitibu vidonda, homa na majeraha ya watu wa kila dini. Serikali ya Waingereza ilipofuta utumwa kwa sheria katika Tanganyika, mwaka 1922, tabibu huyo alikuwa ametibu watu hapo miaka thelathini na mitatu. Alifariki mwaka 1956, akiwa bado Karema.