Historia ya Kupima Madini ya Risasi katika Damu: Kutoka Mwali wa Moto hadi Mahakamani

Neno risasi, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina maana mbili: metali laini na nzito yenye rangi ya kijivu, na kile kinachofyatuliwa na bunduki. Katika mazungumzo ya kila siku maana ya pili imeifunika ya kwanza. Makala hii inafuatilia namna sayansi ilivyopata uwezo wa kuitambua metali hiyo ndani ya damu, na inatetea hoja kwamba kipimo kisichoelezwa kwa lugha ya anayepimwa hubaki nusu ya kipimo.

Chimbuko la upimaji huu ni mwali wa moto. Mwaka 1860, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff wa Heidelberg walionyesha kwamba kila elementi inapochomwa hutoa mistari ya mwanga iliyo yake peke yake. Mwaka 1955, Alan Walsh wa Australia aliigeuza njia hiyo: badala ya kupima mwanga unaotolewa, alipima mwanga unaofyonzwa. Taa maalumu iliyotengenezwa kwa risasi hutoa mwanga ambao atomu za risasi huufyonza. Kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo kiasi cha metali katika sampuli kilivyo kikubwa. Boris L'vov, akifanya kazi Leningrad, aliweka tanuri la grafati mahali pa mwali, na mikrolita chache za damu zikawa zinatosha. Kwa mtoto mchanga, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Tangu miaka ya 1980, spektrometa za tungamo zinazotumia plazima ya argoni zimewezesha kupima elementi nyingi kwa mara moja.

Makali ya mitambo yalifichua tatizo jingine. Vumbi la chumba, sindano au kizibo cha chupa huweza kuongeza metali ambayo haikuwamo katika damu. Clair Patterson, aliyejenga maabara safi kwa ajili ya kupima risasi, alidai mwaka 1965 kwamba viwango vilivyoonekana kuwa vya kawaida havikuwa vya asili. Vilitokana na viwanda na petroli. Historia imemuunga mkono. Nchini Marekani, kiwango cha tahadhari kwa watoto kilikuwa mikrogramu 60 kwa desilita katika miaka ya 1960. Kilishushwa hadi 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Damu ya mwanadamu haikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wa madhara. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006.

Hata hivyo, hatari haikuondoka na petroli. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alianza harakati zake baada ya vipimo kuonyesha risasi katika damu ya mwanawe. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kidonda kisichoonekana kwa macho kilihitaji tarakimu ili kitambulike mbele ya sheria.

Hapa ndipo istilahi zinapokuwa suala la sera. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe "ana risasi katika damu" huweza kushtuka bila kuelewa, au kupuuza kwa kudhani ni lugha ya picha. Cheti cha matokeo kinapaswa kutaja "madini ya risasi", kueleza kipimo kinachotumika, kutaja kiwango cha tahadhari na mwaka kilipowekwa, kisha kubainisha hatua inayofuata. Vyombo vya kukuza Kiswahili na wizara za afya za kanda hii vinaweza kukubaliana juu ya cheti cha namna hiyo kwa gharama ndogo kuliko ya spektrometa moja. Mtambo husoma damu. Ni lugha inayomwezesha mwenye damu hiyo kudai haki yake.