Mombasa hadi Malindi kwa gari: Namna ya kupanga safari ya kwanza isiyo na haraka

KUTOKA Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Dereva aliyezoea barabara hiyo huondoka baada ya staftahi na kufika kabla ya chakula cha mchana. Ufupi huo ndio unaowaponza wengi wanaosafiri kwa mara ya kwanza. Huidhani ni safari ya saa chache, wakaipita Jumba la Mtwana, wakavuka daraja la Kilifi bila kushuka, wakafika Gede wakati lango linafungwa, kisha wakarudi usiku wakiwa wamechoka na macho yakiwaka kwa taa za malori.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitumia njia hiyo kwa siku tano badala ya moja. Msingi wake ni kwamba Pwani haipimwi kwa kilomita pekee. Mambo matatu ndiyo yanayoamua iwapo safari itakuwa ya raha au ya taabu: upepo wa msimu, kujaa na kupwa kwa maji, na saa ya jua kuzama. Anayeyapanga hayo kwanza hana sababu ya kukimbia.

Kuchagua mwezi

Mwaka wa Pwani hugawanywa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na huja na joto, anga nyeupe na maji maangavu. Kusi huanza kushika Aprili na kuendelea hadi kati ya Septemba na Oktoba. Bahari huchafuka, na fuo nyingi hupokea mwani unaosukumwa na mawimbi. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha tangambili, ambapo upepo hulegea na bahari hutulia.

Mvua za masika huanza kuelekea Aprili na huwa nzito zaidi mwezi Mei. Huo si wakati mzuri kwa mgeni wa barabara, kwa kuwa njia za vumbi zinazoelekea ufuoni hugeuka matope. Vuli, zinazonyesha takriban Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida ni hafifu zaidi na hazimzuii msafiri.

Anayetaka kupiga mbizi na kutazama matumbawe achague Januari, Februari au mwanzo wa Machi. Anayependa hewa ya baridi kidogo aende Julai hadi Septemba. Hatayaona maji katika uangavu wake wote, lakini huo ndio msimu ambao nyangumi wenye nundu hupita karibu na Watamu. Wiki za Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka zina msongamano mkubwa na bei za vyumba hupanda. Safari ya kwanza ya mapumziko haifai kupangwa humo.

Kusoma maji

Jambo hili husahauliwa na wageni wengi kutoka bara. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufikia karibu mita nne. Ufuo uliouona jioni ukiwa umejaa maji unaweza kuwa uwanja wa mchanga na mwani asubuhi.

Kuna kanuni rahisi ambayo wavuvi huijua bila kutazama kitabu. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu, takriban wiki moja baadaye, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Kwa hiyo, anayetaka kutembea juu ya mwamba na kutazama viumbe katika vidimbwi apange siku yake ya bahari wakati wa bamvua. Anayetaka watoto waogelee asubuhi, kabla jua halijawa kali, achague maji mafu. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani anaweza kukisia mapema: bamvua huangukia mwanzoni na katikati ya mwezi, na maji mafu huja karibu na tarehe saba na tarehe ishirini na mbili. Hata hivyo, kabla ya kuingia majini ni vyema kuthibitisha kwa jedwali la maji au kumuuliza nahodha wa mahali hapo.

Gari na mahali pa kuanzia

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 za barabara yenye malori mengi. Mtu anayeianza safari ya Pwani kwa kuendesha umbali huo wote kwa siku moja huwa ameshatumia nguvu zake kabla ya kuiona bahari. Njia ya kupunguza uchovu ni kupanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, kulala Mombasa usiku mmoja, kisha kukodi gari asubuhi.

Gari dogo la kawaida linatosha kwa njia yote inayoelezwa hapa. Kabla ya kulipokea, kagua magurudumu manne pamoja na la akiba, jeki, breki, taa zote, wipa na maji ya rejeta. Hakikisha kuna pembetatu za tahadhari, na kwamba stika ya bima haijaisha muda. Piga picha za kila mkwaruzo mbele ya mwenye gari. Soma mkataba na ujue nani analipa iwapo kioo kitavunjika, kwa maana ubishi wa namna hiyo ndio unaoharibu siku ya mwisho ya mapumziko.

Beba leseni na kitambulisho. Ada za kuingia katika hifadhi na magofu hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, na asiye na kitambulisho hulazimika kulipa zaidi. Hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hazipokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa mtandao au kwa simu, hivyo hakikisha simu ina chaji. Fedha taslimu, hasa noti ndogo, zitakufaa kwa madafu, viazi karai na waongozaji wa vijijini.

Siku ya kwanza: Mombasa hadi Kilifi, karibu kilomita 60

Usiondoke alfajiri. Ngoja msongamano wa asubuhi upungue, uvuke daraja la Nyali mnamo saa tatu. Kipande cha Nyali hadi Mtwapa kina magari mengi kuliko sehemu nyingine zote za safari hii, na katika miaka ya karibuni kazi ya kuipanua barabara kuelekea Kilifi imeleta michepuko. Tenga muda wa ziada.

Kituo cha kwanza kiwe Jumba la Mtwana, baada tu ya kuvuka hori ya Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 14 na kuachwa katika karne iliyofuata. Msikiti wake mmoja umesimama karibu kabisa na maji, na kivuli cha mibuyu kinafaa kwa mapumziko ya saa moja.

Baada ya Mtwapa msongamano hupungua, na mashamba ya mkonge ya Vipingo hutandazika pande zote mbili. Kabla ya daraja la Kilifi, ingia Mnarani. Ngazi ndefu hupanda hadi kwenye magofu ya misikiti na kaburi lenye mnara, na kutoka juu unaiona hori yote. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka hapo kwa feri. Lala Kilifi. Jioni ya kwanza usipange chochote zaidi ya chakula.

Siku ya pili: Kilifi hadi Watamu, takriban kilomita 50

Barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa karibu kilomita 420 za mraba. Ndio msitu mkubwa zaidi uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na ni makao ya sengi wa makalio ya dhahabu na ya bundi mdogo wa Sokoke. Anayependa ndege aondoke Kilifi mapema ili aingie msituni na mwongozaji kabla ya joto.

Saa chache za mchana ziwe za Gede. Mji huo wenye kuta, kasri, misikiti na visima ulikaliwa tangu karibu karne ya 12 na kuachwa katika karne ya 17. James Kirkman aliuchimbua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Chukua mwongozaji: bila maelezo, mgeni huona mawe, akielezwa, huona vyoo, mifereji na vyumba vya watu waliotumia vyombo vya kauri kutoka China.

Kutoka njia panda ya Gede hadi Watamu ni kilomita chache tu. Jioni inaweza kumalizikia Mida, penye mikoko na daraja la mbao la kutembelea. Ndege wa majini huwa karibu zaidi maji yanapoanza kujaa.

Siku ya tatu: gari lipumzike

Siku hii ndiyo inayoitofautisha safari ya starehe na mbio. Usiendeshe kabisa. Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Mashua zenye sakafu ya kioo huondoka kulingana na maji, na hapo ndipo hesabu ya bamvua inapokufaa.

Patana bei kabla ya kupanda, na uulize iwapo ada ya hifadhi imo ndani yake. Dai jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, watoto wakiwamo. Vaa viatu vya mpira, kwa kuwa mwambani kuna viumbe wenye miiba. Usikanyage matumbawe wala kuokota kombe. Tumbawe lililovunjwa kwa mguu mmoja huchukua miaka mingi kukua tena.

Siku ya nne: Malindi

Safari ya leo haizidi nusu saa au zaidi kidogo. Nguzo ya Vasco da Gama iko kwenye rasi, na hupendeza asubuhi. Mreno huyo alifika mwaka 1498, na Sultani wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi India. Lakini habari za Malindi hazianzii kwake: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi aliwasili katika ikulu ya China.

Watu wengi hutaka kuongeza Marafa, bonde la miamba myekundu ambalo Wagiriama huliita Nyari. Rangi zake hung'aa zaidi jioni, lakini anayezisubiri hulazimika kurudi gizani kwa barabara asiyoijua. Nenda asubuhi mapema, au lala huko.

Safari ya kwanza ikome Malindi. Barabara inaendelea Garsen na Lamu, lakini maeneo ya upande huo yameshuhudia mashambulizi kadhaa tangu mwaka 2014, na haifai kuamuliwa ghafla bila kuuliza polisi na watu wa mahali hapo.

Siku ya tano: kurudi kabla ya giza

Katika pwani hii jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 45 jioni, mwaka mzima, na giza huingia upesi. Barabara ni njia ya watu pia: watoto wa shule, baiskeli zenye mizigo, bodaboda zisizo na taa, mbuzi. Mijini kiwango cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na matuta mengine hayana alama. Weka kanuni moja isiyovunjwa: ikifika saa kumi na moja jioni, gari liwe limeegeshwa.

Ukiondoka Malindi saa tatu asubuhi, utakuwa na nafasi ya kusimama Kilifi kununua korosho na kuwahi Mombasa mchana, hata kama kuna foleni Mtwapa. Wanaopanda treni ya jioni wasiitegemee siku hiyo kwa hesabu ya dakika. Ni afadhali kulala Mombasa na kusafiri kesho yake.

Adabu za njiani

Miji ya njia hii ina Waislamu wengi. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Ukiingia mjini, jifunike kanga au shuka. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, lakini jioni za mwezi huo zina vyakula ambavyo huvipati siku nyingine.

Siku tano, karibu kilomita 260 kwa jumla, na hakuna siku yenye zaidi ya kilomita 120. Kwa aliyezoea kupima safari kwa umbali, hesabu hiyo ni ndogo. Mwenda pole hajikwai, na katika barabara hii huwa pia ameona mengi.