Kiputo Kwenye Ncha ya Kioo

Mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Gilbert Ling na mwalimu wake Ralph Gerard walichapisha matokeo ya kuchoma misuli ya chura kwa sindano za kioo ambazo ncha zake hazikufika nusu ya mikromita. Unywele wa mtu una unene wa ncha kama hiyo mara mia na zaidi. Kati ya ndani na nje ya seli walipima tofauti ya umeme ya wastani wa milivolti 97.6. Miaka mitatu nyuma, Judith Graham na Gerard huyohuyo walikuwa wametumia ncha nene zaidi, na vipimo vyao vilitoka chini kuliko hapo.

Sifa za habari hii huenda kwa umeme. Kioo chenyewe, hata hivyo, hakipitishi umeme. Kinachoupitisha ni maji ya chumvi yaliyojazwa ndani, na yasipofika hadi kwenye tundu la mwisho, sindano hiyo, yaani pipeti, haina kazi. Kuyafikisha huko kumewahangaisha watafiti kwa miaka mingi.

Mrija mwembamba wa kioo hupashwa moto katikati, hulainika, kisha huvutwa pande mbili mpaka ukatike. Kila kipande huwa na ncha yenye tundu. Tatizo huanza kwenye kujaza: maji yakitiliwa kwa nyuma husimama pale mrija unapoanza kubana, na mbele yake hewa hunaswa. Kiputo hicho hakisukumwi kirahisi. Kupitisha hewa kwenye tundu lililolowa lenye kipenyo cha nanomita 100 kunadai kanieneo inayokaribia mara 28 ya ile ya angahewa, kwa sababu ya mvutano wa uso wa maji peke yake. Hakuna pafu la kupuliza hivyo.

Basi wakachemsha. Pipeti zilizamishwa kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, na joto likaifukuza hewa. Njia hiyo ilifanya kazi, kwa gharama: mchemko uligonganisha ncha zikavunjika, na kioo chembamba kiliharibika kwa joto. Mtu alivuta sindano nyingi asubuhi ili jioni abaki na chache za kutumainiwa.

Alan Hodgkin, aliyeiona kazi ya Chicago kwa macho yake, alirudi nayo Cambridge. Mwaka 1950 yeye na William Nastuk walieleza pipeti zilizojazwa chumvi kali, moli 3 kwa lita. Ukali huo ulikuwa na maana yake: kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi kwenye tundu dogo. Mwaka 1954 Ichiji Tasaki na wenzake walijaza kwanza methanoli kwa msaada wa pampu ya kunyonya hewa, kisha wakaibadilisha kwa maji, na maji kwa chumvi. Methanoli hulowesha kioo upesi kuliko maji, na hupenya pale maji yanapokwama.

Hata hivyo, maji yaliyojazwa hayakukaa kimya. John Eccles, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, alikuwa akichoma seli za uti wa mgongo wa paka pamoja na wenzake Coombs na Fatt. Neva ya kutuliza ilipotoa ishara, volteji ya ndani ya seli ilishuka kidogo. Lakini kloridi ilipovuja kutoka kwenye pipeti na kuzidi ndani ya seli, ishara ileile ikaipandisha. Mwaka 1955 waliitumia hitilafu hiyo kama ushahidi kwamba kutuliza hufanywa na mlango unaopitisha kloridi. Chombo kilichovuja kiliwafundisha jambo ambalo chombo kisichovuja kisingefundisha kamwe.

Mwaka 1968 likaja suluhisho la ajabu kwa urahisi wake, kutoka kwa kundi la Tasaki mwingine: kabla ya kuvuta mrija, tia ndani nyuzi nyembamba za kioo. Mrija na nyuzi hunyooka pamoja mpaka nchani. Kwenye pembe kati ya uzi na ukuta maji hutambaa yenyewe, na hewa hupata njia ya kurudi nyuma. Leo kapilari nyingi huuzwa zikiwa na uzi uliokwisha kugandishwa ukutani. Unatilia myeyusho kwa nyuma, unagonga kwa ukucha, unasubiri kidogo.

Uzi huo haumalizi kazi kwenye pipeti za kwatsi zinazovutwa kwa leza, ambazo matundu yake hushuka chini ya nanomita 10. Mwaka 2019 watafiti wa Kanazawa, Japani, walieleza namna ya kujaza nyingi kwa pamoja kwa kuzipasha joto lisilolingana kutoka upande mmoja hadi mwingine: mvuke husafiri ndani ya mrija, hugeuka maji kwenye ncha, na kiputo hupoteza nafasi yake. Moto uliovunja pipeti za miaka ya 1950 ndio uliorudi, safari hii bila kuzitikisa.